Fundi wa Magitaa na Sisi Tuliobaki Seminarini



Wapendwa wasomaji, frateri akiondoka seminarini, watu wengi huwa na neno moja tu la kumweleza: ameshindwa. Hakuna anayeuliza ameshindwa nini. Akionekana nyumbani na sanduku lake, majirani wanaanza kupiga hesabu: ama amefukuzwa, ama kuna msichana, ama masomo yamemzidi. Anayeondoka kwa sababu amesali, amezungumza na baba yake wa kiroho na walezi wake, na ameona kwamba Mungu anamwita kwingine, hana nafasi katika hesabu hiyo.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa tatu wa falsafa tunaandika makala hii tukimfikiria mwenzetu mmoja wa namna hiyo. Tulikuwa naye mwaka wa malezi na mwaka wa kwanza wa falsafa. Alipiga gitaa katika kwaya yetu, na alama zake darasani zilikuwa nzuri kuliko za wengi wetu. Mwisho wa mwaka ule aliaga vizuri, kwa baraka ya walezi, akaenda kujifunza ufundi. Leo anatengeneza magitaa na mandolini kwa mikono yake. Hana bosi wala kampuni. Ana kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya mjomba wake. Jina lake na parokia yake hatutavitaja, kwa kuwa ndivyo alivyotuomba. Mengine yote ametuachia tuyaseme.

Tunayasema kwa sababu yanatuhusu. Wengi wetu tuna miaka 25 au tunaikaribia. Wenzetu tuliosoma nao shule ya msingi wana watoto, wana maduka, wana bodaboda zao wenyewe. Sisi tuna vitabu, na tuna swali ambalo usiku halitupi usingizi: tumeitwa kweli, au tunabaki kwa kuwa kuondoka ni aibu? Maana mtu anayebaki kwa kuogopa aibu, akipewa daraja takatifu, atawaongoza waamini kwa moyo gani? Kibanda cha mwenzetu kimetusaidia kulitazama swali hilo bila kukwepa.

Ndani ya kibanda

Wakati wa likizo tulikwenda watatu kumtembelea. Tulimkuta na fulana iliyojaa vumbi la mbao. Akatucheka: "Karibuni, mafrateri! Kaeni hapo juu ya magogo. Zile mbao za ukutani msiziguse, hizo ni magitaa ya watu."

Mbao zenyewe zilikuwa zimepangwa moja juu ya nyingine, na vijiti katikati ili hewa ipite. Mbao ya gitaa haiharakishwi kukauka. Ikiunganishwa kwa gundi kabla ya wakati wake, itajikunja au kupasuka baadaye, gitaa likiwa tayari mikononi mwa mteja. Mninga wa mgongo na wa mbavu za pembeni anaupata kwenye mabaki ya mafundi wa vitanda na makabati. Mpingo wa kufunika shingo, pale vidole vinapobonyeza nyuzi, anaupata kwa wachonga vinyago. Kwa ajili ya uso wa gitaa, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, unahitajika mti mwepesi na mnyoofu. Mafundi wa Ulaya hutumia sprusi, jamii ya misonobari inayomea kwenye baridi kali. Yeye huchagua paina ya Mufindi, ile iliyokua polepole, ambayo mistari yake imebanana. Katika mzigo mzima wa mbao za kupaulia, alisema, anaweza kupata ubao mmoja, na siku nyingine asipate hata huo.

Tulimwomba atuonyeshe jinsi anavyochagua. Alichukua ubao mwembamba, akaushika pembeni kwa vidole viwili, akauning'iniza karibu na sikio na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Ulitoa mlio mfupi, kama mtu anayebisha hodi. Akachukua mwingine ambao kwa macho yetu ulikuwa sawasawa na ule wa kwanza. Huo uliitika, na mlio wake ukakaa hewani. "Mmesikia?" akauliza. Tulikuwa tumesikia, ila hakuna kati yetu aliyeweza kueleza tofauti ile imetoka wapi.

Kazi inayofuata ni ya randa. Uso wa gitaa la nyuzi za nailoni unarandwa mpaka unabaki na unene wa milimita 2 na kitu. Ubao huo mwembamba ndio utakaostahimili mvuto wa nyuzi sita kwa pamoja, karibu kilo 40 kwa nyuzi za nailoni, na kilo 70 au zaidi kwa nyuzi za chuma. Ukiuacha mnene, gitaa linakuwa imara lakini bubu. Ukiuranda mno, litaimba vizuri kwa muda, kisha uso utabonyea. Kwa hiyo kwa ndani anabandika vipande vyembamba vya mbao vilivyotandazwa mfano wa vidole vya mkono, vinavyoubeba uso bila kuunyamazisha. Mbavu za pembeni analowesha maji, kisha anazikandamiza taratibu juu ya bomba la chuma lenye makaa ndani, mpaka mti ukubali kupinda. Akiwa na haraka, unavunjika.

Kwenye shingo ya gitaa tulikutana tena na darasa letu la falsafa ya kale. Tulifundishwa kwamba wafuasi wa Pythagoras walitambua uhusiano wa namba na sauti: ukiugawa uzi katikati unapata sauti ileile kwa oktava ya juu, na ukibakiza theluthi mbili za uzi unapata sauti ya tano. Kwenye mtihani tuliandika hivyo tukapata alama. Mwenzetu yeye anaandika jambo hilohilo juu ya mpingo kwa rula na penseli. Kwa gitaa ambalo uzi wake una urefu wa milimita 650, freti ya kwanza, yaani kile chuma chembamba cha kwanza kinachokatiza shingo, inakaa milimita 36.5 kutoka mwanzo wa uzi. Freti ya 12 inakaa milimita 325, nusu kamili. Freti ya 7, kwa mujibu wa Pythagoras, ingekaa kwenye theluthi ya uzi. Lakini gitaa limegawanywa katika hatua 12 zilizo sawa ili liweze kupiga katika funguo zote, kwa hiyo freti hiyo hupungukiwa na theluthi kwa nusu milimita hivi. Alituonyesha nusu milimita hiyo. Ni karibu sawa na mstari wa penseli.

Kwenye mandolini mambo ni magumu zaidi. Hiki ni chombo kidogo chenye nyuzi nane zilizofungwa jozi jozi, kinachokazwa kwa sauti zilezile za fidla; ndugu zetu wa pwani wamekisikia katika baadhi ya vikundi vya taarabu. Uzi wake unazidi kidogo tu nusu ya uzi wa gitaa, hivyo kosa la nusu milimita linauma karibu mara mbili. Mandolini mbili zilizokuwa ukutani zilimchukua muda mrefu kuliko magitaa matatu, na hajapata mnunuzi wa kuzinunua. Tulipomuuliza kwa nini basi anazitengeneza, alisema zinamfundisha kutojidanganya.

Seremala wa Almería

Ni yeye aliyetusimulia kwa mara ya kwanza habari za Antonio de Torres. Tuliporudi tulisoma zaidi, kwa maana tuliona kwamba maisha ya mtu huyu yana somo kwa walio katika malezi.

Torres alizaliwa mwaka 1817 karibu na mji wa Almería, kusini mwa Hispania. Alianza useremala akiwa bado mtoto. Alioa mapema, akazika watoto, kisha akamzika mke wake wa kwanza kwa kifua kikuu, na madeni yalimwandama. Akahamia Seville, na huko akawa fundi wa magitaa. Mwaka 1858 alipata medali katika maonyesho ya mji huo. Vile vipande vya ndani vilivyotandazwa kama vidole hakuvibuni yeye, wengine walishavitumia. Lakini alivipanga na kuvikamilisha kwa namna ambayo gitaa la klasiki la leo, kwa umbo na kwa sauti, linamfuata yeye kwa sehemu kubwa. Hata mwenzetu katika kibanda cha mabati anamfuata.

Mwaka 1862 Torres alitengeneza gitaa la ajabu. Uso wake ulikuwa wa mbao nzuri, lakini mgongo na mbavu alizitengeneza kwa karatasi ngumu. Alitaka kuonyesha kwamba sauti inatoka hasa kwenye uso. Watu walikuwa wakilipia mbao za thamani za mgongo, zile zinazong'aa na kupendeza macho. Yeye akaonyesha mahali kazi yenyewe inapofanyika. Gitaa hilo bado lipo, katika jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona.

Torres alijua pia kusikiliza. Mpiga gitaa Julián Arcas ndiye aliyemtia moyo na kumshauri katika kuboresha sauti ya magitaa yake. Jambo hili lilitukumbusha kitabu cha kumi cha Jamhuri ya Plato, ambako Sokrate anaeleza kwamba anayekijua chombo vizuri ni yule anayekitumia: mpiga zumari humweleza fundi zumari ipi ni nzuri, na fundi humwamini. Ufundi wa kujitegemea, basi, haumaanishi kujifungia. Fundi asiyemsikiliza mpigaji atatengeneza sanduku zuri lenye nyuzi.

Lakini kilichotugusa zaidi ni habari iliyotufikia kwa njia ya padre. Uzeeni Torres alikuwa na rafiki padre, Juan Martínez Sirvent, ambaye miaka mingi baadaye aliandika barua kueleza aliyoyaona na kuyasikia. Anasimulia kwamba Torres aliulizwa juu ya siri ya sauti ya magitaa yake. Jibu la mzee lilikuwa kwamba siri hiyo ataingia nayo kaburini, wala si kwa uchoyo. Haiwezekani kuiacha, kwa sababu iko kwenye ncha za kidole gumba na cha shahada, vinavyoushika ubao na kuieleza akili kama umefikia unene unaotakiwa.

Sisi tunaosoma falsafa tunapenda kuamini kwamba kila kinachojulikana kinaweza kuandikwa kwenye daftari. Torres anatukatalia. Kuna ujuzi unaokaa mkononi na haupatikani ila kwa kukaa karibu na mwenye nao na kuurudia kila siku. Ndivyo mwenzetu alivyojifunza: mwaka mzima alimsaidia fundi mzee kupiga msasa na kukoroga gundi kabla ya kuruhusiwa kugusa uso wa gitaa. Na ndiyo sababu Kanisa halitufundishi upadre kwa njia ya posta. Tungeweza kusoma vitabu vyote tukiwa nyumbani. Tunaishi pamoja miaka mingi, tukisali Masifu alfajiri, tukilima bustani, tukivumiliana mezani, kwa sababu kusikiliza mgonjwa, kumfariji mfiwa na kunyamaza inapobidi ni mambo yanayojulikana kwa ncha za vidole.

Kuna jambo moja zaidi juu ya Torres. Karibu mwaka 1870, akiwa fundi mwenye sifa, aliacha kutengeneza magitaa, akarudi Almería na kufungua duka la vyombo vya udongo. Miaka kama mitano hivi aliuza sahani na vikombe. Mwaka 1875 akaanza tena, na ndani ya magitaa hayo akabandika karatasi zenye maneno ya Kihispania yanayomaanisha kipindi cha pili. Aliendelea mpaka alipofariki mwaka 1892. Majirani zake wa Almería huenda nao walikuwa na neno la kumweleza mtu aliyetoka Seville na medali akaja kuuza sahani. Maisha yake yalikuwa na kipindi cha kwanza na cha pili, na vyote vilikuwa vyake.

Bila bosi, lakini si bila bwana

Vijana wengi husikia "kujiajiri" wakadhani ni uhuru wa kuamka unapotaka. Mwenzetu huamka saa kumi na moja, kama tunavyoamka sisi, kwa sababu asubuhi hewa imetulia na gundi inashika vizuri. Hana bosi, lakini anatii mbao, anatii mvua na kiangazi, anamtii mteja, anatii hata deni la duka la vifaa. Alituambia kwamba seminarini akikosea aliweza kujieleza kwa Gombera, na mara nyingine akaeleweka. Ubao hauelewi maelezo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino ametufundisha jambo hilo kwa lugha ya darasani. Busara ni akili nyoofu juu ya yale tunayotenda, na sanaa ni akili nyoofu juu ya yale tunayotengeneza. Fundi, katika ufundi wake, hasifiwi kwa nia aliyokuwa nayo, bali kwa ubora wa kazi aliyoifanya. Unaweza kuwa mtu wa sala na gitaa lako likapotosha sauti. Hapo sala haitalisahihisha. Tunaona kwamba fundisho hili lina faida kwetu, kwa kuwa ni rahisi kwa mtu wa dini kujificha nyuma ya nia njema. Mahubiri yasiyoandaliwa hayawi mazuri kwa sababu mhubiri ana moyo mzuri.

Kujitegemea kunamgharimu. Magitaa ya viwandani kutoka Asia yanauzwa madukani kwa bei ambayo yeye hawezi kushindana nayo, na kwa macho yanang'aa kuliko yake. Kuna miezi ambayo anaishi kwa kukarabati magitaa ya wengine: daraja lililobanduka, shingo iliyopinda, funguo zilizokwisha meno. Kwaya moja ya kanisani ilichukua gitaa kabla ya Pasaka ikalipa nusu ya bei. Nusu ya pili alikuwa bado anaisubiri tulipomtembelea. Alilisema hilo bila hasira. Sisi lilituuma. Mtume Yakobo anaandika kwa ukali juu ya ujira wa kibarua uliozuiliwa, kwamba unamlilia Mungu, wala hakuwatoa katika onyo hilo wale wanaoimba vizuri kwenye Misa.

Hata mbao yenyewe si rahisi kuipata. Mpingo unaomea katika misitu yetu ya kusini umesafirishwa kwa miaka mingi kwenda nje kutengenezewa klarineti na obo, na tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES ili mti huu usimalizike. Ni jambo jema. Lakini inafikirisha kwamba mti wetu unajulikana zaidi katika kumbi za muziki za mbali kuliko katika kwaya za vijiji ulikootea. Mwenzetu anaokota vipande vyake vidogo, na kila kipande kinachotosha shingo moja anakitunza kama mtu anavyotunza mbegu.

Tulimuuliza kama kazi hii inaweza kumlisha mtu. Alitueleza habari za Wayne Henderson, fundi wa magitaa na mandolini wa kijiji cha Rugby, katika jimbo la Virginia huko Marekani. Kwa miaka mingi Henderson alikuwa mpeleka barua wa posta katika vijiji vya milimani, na ufundi aliufanya baada ya kazi. Eric Clapton, mpiga gitaa anayejulikana dunia nzima, alipotaka gitaa lake alisubiri karibu miaka 10. Kisa hicho kimeandikiwa kitabu na Allen St. John mwaka 2005. "Kwa hiyo," mwenzetu akasema, "labda na mimi nitafute barua za kupeleka." Tulicheka wote, lakini tulijua si mzaha mtupu. Amekwisha anza kufundisha hesabu jioni kwa watoto wa jirani ili kodi ya umeme ipatikane. Naye Mtume Paulo alishona mahema ili asiwalemee watu, na hakuna anayesema kwamba mahema yalimpunguzia utume.

Seminari si kiwanda

Aliyeumia zaidi kwa kuondoka kwake hakuwa yeye. Alikuwa mama yake. Jumuiya ndogo ndogo ilichanga fedha za sanduku, godoro na kanzu ya mtoto wake. Waamini walimwimbia na kumtunza siku ya kumuaga. Aliporudi, hakuna aliyemwambia mama neno baya mbele ya uso wake. Waliacha tu kumwita "mama frateri", na mmoja aliuliza kwa sauti ya utani kama michango ina risiti. Kwa miezi kadhaa mama yule hakuhudhuria jumuiya. Alikwenda Misa ya kwanza alfajiri, akakaa nyuma, akaondoka kabla ya matangazo. Mwanawe alitusimulia hayo huku anapiga msasa, hakuinua macho.

Ndugu waamini, tunawasihi mlifikirie jambo hili pamoja nasi. Mnapotuchangia, hamnunui padre. Mnasaidia kijana atafute kwa uaminifu mapenzi ya Mungu, na kutafuta huko kunaweza kuishia altareni au kwenye meza ya fundi. Kama kungekuwa na jibu moja tu linaloruhusiwa, kusingekuwa na haja ya miaka ya malezi. Kiwandani, kifaa kinachotoka tofauti na mfano kinatupwa kwenye pipa la kasoro. Seminari si kiwanda. Walezi wetu wanafanya kazi iliyo karibu zaidi na ile tuliyoiona kibandani: wanamshika kila mmoja, wanamgonga taratibu, wanasikiliza.

Tulijifunza pale kwamba ubao usiofaa kuwa uso wa gitaa si kuni. Unaweza kuwa shingo, au daraja, au moja ya vile vipande vya ndani visivyoonwa na mtu ila vinavyobeba mzigo wote. Tunajua mfano huu una mpaka. Ubao hauulizwi, mtu huulizwa. Ubao hausali, mwenzetu alisali muda mrefu, na alijibu mwenyewe. Lakini ndiyo sababu tunasema anastahili heshima zaidi, kwa kuwa alikubali kusikia jibu ambalo hakuna aliyekuwa akimsubiria.

Hatusemi kwamba amefika. Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Kuna usiku, alituambia, anaposikia kengele ya Malaika wa Bwana kutoka parokiani anajiuliza kama alisikia vizuri. Asubuhi inamkuta bado ana mbao za kuranda, anaranda. Labda uaminifu ni hivyo kwa wengi wetu, waliobaki na walioondoka: hakuna sauti ya pili kutoka mbinguni, kuna kazi ya leo iliyo mbele ya mikono.

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba heshima ya kazi inatokana kwanza na mtu anayeifanya, kabla ya kutokana na aina ya kazi. Tukiliweka fundisho hili kando ya lile la Mtakatifu Tomaso, tunaona kwamba yote mawili yanahitajika. Gitaa lihukumiwe kwa sauti yake, bila huruma, maana mteja ana haki. Mtu asihukumiwe kama gitaa. Jamii yetu mara nyingi hugeuza mambo: kazi mbovu tunaisamehe kwa sababu aliyeifanya ana cheo, na mtu mwema tunamtupa kwa sababu hana cheo tulichomtarajia.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache, nayo hayahitaji fedha nyingi. Ninyi waamini, kijana akirudi kutoka seminarini, mwiteni kwa jina lake, mpeni nafasi kwenye kwaya au katekesi, na mwendeeni mama yake siku ya jumuiya kabla hajajificha. Ninyi viongozi wa kwaya, mkiagiza kazi kwa fundi wa mtaani, lipeni kwa wakati. Nasi mafrateri tusiogope kuulizana kwa upole swali lile la usiku, na kulipeleka kwa baba wa kiroho badala ya kulifunika kwa alama nzuri za mitihani. Atakayebaki abaki kwa sababu ameitwa. Atakayeondoka aondoke mchana, mlango ukiwa wazi, akiagwa.

Tangu mwaka 1955, alipoiweka Papa Pio wa Kumi na Mbili, Kanisa huadhimisha tarehe 1 Mei kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Injili haijatuachia neno hata moja lililotoka kinywani mwake. Imetuachia tu kwamba alikuwa mwadilifu na alikuwa seremala, na kwamba katika nyumba ya fundi huyo Bwana wetu alijifunza kushika mbao. Tunamwomba awaombee mafundi wote wanaofanya kazi peke yao bila mtu wa kuwasifu, awaombee walezi wetu wapate kusikia vizuri, na atuombee sisi tulio bado mikononi mwao.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.